Nusu Saa ya Jua

Nilipopeleka sare za darasa la sita
mwalimu Akwilombe aliniacha peke yangu na ukuta,
na ukutani nchi nzima, imechanika kidogo pale Singida.
Nikavua futikamba shingoni,
hii hii inayojua viuno vya Chikongola yote,
nikabana sifuri kwa kidole gumba juu ya Mtwara
nikaivuta mshazari, juu, kushoto,
ikapita porini, ikapita juu ya miji ambayo sina mtu,
hadi Bukoba.
Sentimeta sitini na nane, na unywele.
Sketi ya msichana mrefu, basi.

Mwalimu aliporudi akazidisha kwa chaki:
kila sentimeta kilomita ishirini.
Elfu moja mia tatu sitini.
Sketi ikanifia mkononi.

Kiwanjani, kwenye dirisha la tiketi,
kijana Chikambo alinijibu kwa upole
wa mtu anayeulizwa hayo hayo kila siku:
"Kwa ndege ya pangaboi, mama,
ingekuwa saa mbili na dakika arobaini na tano."
Hiyo *ingekuwa* niliisikia
kama uzi unavyokatika ndani ya bobini,
mguu bado unakanyaga, sindano bado inapanda na kushuka,
na nguo haishonwi.
"Ingekuwa?"
"Kama ingekuwapo. Haipo."
Iliyopo inakwenda kwanza Dar, unalala kwa watu,
asubuhi Mwanza, unakalia kiti cha chuma,
mchana ndipo uvuke ziwa.
Na mzigo usizidi kilo ishirini na tatu.
"Na korosho?"
"Korosho nazo ni mzigo, mama."

Nilirudi na nauli imeandikwa kiganjani kwa kalamu.
Nikaigawanya kwa bei ya sare moja.
Za kwenda zilitosha shule nzima.
Za kurudi sikuzigawanya,
nikanawa mikono.

Mfaume wangu anauguza watu huko,
zamu za usiku, zamu za mchana, sijui anazitofautishaje.
Kamuoa Kokushubila, wana mtoto mwenye masikio yangu;
nimeyaona kwenye simu,
nikayakuza kwa vidole viwili mpaka yakawa ukungu.

Kisha mfungo ukaingia,
nikapata kipimo kisichokuwa kwenye futikamba.
Adhana ya magharibi ikilia Ligula
nampigia, naye ananiambia,
"Bado, mama. Huku jua limekalia migomba."
Namuuliza saa ngapi.
Kumi na mbili na nusu.
Na kwangu kumi na mbili na nusu.
Saa ni moja, serikali ni moja,
lakini giza limeshaingia chini ya cherehani yangu
na yeye bado anakunja uso kwa mwanga.
Nusu saa, na dakika tatu za kusindikizia.

Jirani yangu Somoe ananikaripia:
futari haicheleweshwi, usijitungie dini.
Najua. Nameza funda la maji papo hapo, nimefungua,
Mola wangu ananiona.
Ila tende naishika.
Naishika inapata joto la kiganja, inaanza kunata
pale pale nauli ilipokuwa imeandikwa.
Hatusemi mengi. Vocha inakwenda.
Nasikia mlango wa wodi, nasikia mtu akikohoa,
nasikia mtoto akikatazwa kitu kwa lugha nisiyoijua,
halafu sauti yake, imechoka: "Haya mama. Bismillahi."
Tunauma pamoja.
Kokwa yangu inagonga kisahani,
na yake, naisikia, inagonga kitu cha bati.

Sijamwambia Chikambo
kwamba kuna njia isiyopitia Dar.
Atauliza inaondoka saa ngapi, inabeba kilo ngapi,
na mimi nina sare thelathini za kumalizia,
vishikizo vyote bado,
na mwanga wenyewe ndio huu.